Mkono wa Nyapara Kwenye Sinia

Katika Kengeja ya utoto wangu, mwanamke aliyetaka kujua kama mumewe aliyekwenda vitani amekufa kweli hakwenda kwa kadhi wala kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya. Alipika hitima, akamwalika Nyapara, kisha akakaa na wenzake nyuma ya ua wa makuti akamtazama mkono.

Nyapara hakukosa kuja. Alikaa karibu na mlango, akapokea juzuu yake, akaisoma kwa sauti ya chini bila kukosea. Dua ikaombwa, ubani ukazungushwa, masinia ya wali yakaingia. Hapo kila mtu alijifanya anatazama kwengine. Nyapara akinawa, akamega tonge moja, akaitia mdomoni, basi yule aliyesomewa alikuwa maiti na mkewe alikuwa mjane. Kesho yake aliingia eda, miezi minne na siku kumi, na akitoka, akiposwa, aliolewa. Nyapara akinawa kisha akasema, "Alhamdulillahi, nimeshiba," basi hapakuwa na maiti wala mjane. Palikuwa na wali tu uliopoa.

Hakuna aliyemteua kwa kazi hiyo. Kwa madhehebu yetu mke wa aliyepotea haolewi mpaka ipatikane yakini, na yakini yote ya upande wetu ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja ambaye hakutaka kuitoa kwa mdomo. Serikali ilipokusanya watu wa kwenda bara kubeba mizigo ya vita vya Mjarumani, yeye ndiye aliyefanywa nyapara wa watu wa kusini, na jina la cheo likamganda mpaka la kuzaliwa likasahauliwa. Walitoka naye sitini. Walishuka naye bandari ya Mkoani kumi na tisa. Baba yangu, Shaame, alikuwamo katika sitini, hakuwamo katika kumi na tisa.

Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani namwandika mtu huyu kwa mapenzi. Sikumwamini nilipokuwa mtoto. Nilipokuwa mkubwa, nimesoma, nimevuka maji, nimekaa na watu wa kila namna, nilimwamini kidogo zaidi ya hapo, basi.

Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye ndevu chache. Alitembea kichwa hakitikisiki, kama mtu aliyejitwika mtungi. Jambo hilo watu walilitilia shaka, kwa kuwa nyapara habebi. Nyapara hushika fimbo na kuita majina. Shingo ile kaipata wapi? Kwenye baraza ya duka nilisikia maneno mengi juu yake, nami nilikuwa mtoto mwenye masikio.

"Yule anajua wote walipo," alisema mwenye duka. "Kawauza."

"Kamuuzia nani?"

"Kwani Mjarumani hakuwa na mizigo?"

"Miye nakwambieni hata yeye siye," akadakia mzee mmoja mvuvi. "Nyapara aliyetoka hapa alikuwa mrefu."

"Weye ulimwona wapi, yakhe, na weye ulikuwa umejificha mikokoni mpaka vita vikaisha?"

Baraza nzima ikacheka, na mvuvi mwenyewe akacheka. Lakini neno likishasemwa halirudi dukani. Wako waliokufa wakiamini kwamba Nyapara wetu alikuwa mtu mwengine aliyevaa jina.

Kilichowachoma watu zaidi ni kwamba hakutaka kuhesabu. Hakutaja idadi ya kiumbe yeyote mwenye roho aliyezaliwa na mama. Ukimuuliza ana wajukuu wangapi, alikutajia: yupo Mize mdogo, yupo Omari, yupo yule aliyezaliwa juzi hajapewa jina. Magari ya abiria yalipoanza kuja Kengeja, alikuwa akisimama asubuhi karibu na gari kuwapandisha watu, bila kuombwa, ikawa desturi. Dereva alikuwa mtu wa mjini asiye na subira.

"Wangapi huko nyuma, mzee?"

"Yupo Bi Time na kapu lake. Yupo Hamad na mkewe. Yupo fundi cherehani, yupo dada yake..."

"Nakuuliza wangapi!"

"Na miye nakujibu."

Na mtu huyohuyo, ukimkuta shambani kwake, alihesabu matuta ya muhogo kwa sauti kama mtoto wa chuoni, moja, mbili, tatu, mpaka mwisho wa shamba, akarudi akahesabu tena. Nilimuuliza siku moja kwa nini matuta anayahesabu. Akaniambia, "Matuta hayana mama."

Nilikuja nyumbani likizo, nasoma Unguja wakati huo, nami nilikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu. Sikupelekwa na mtu, nilijipeleka, kwa ukili wa mikeka aliousuka mama akauuza na kwa miguu yangu mwenyewe. Nikataka kumwonesha Nyapara kwamba kila kitu duniani kina idadi yake na anayekataa kuitaja ana lake jambo. Akaniacha niseme. Kisha akanisimulia habari hii, ambayo nimeipima miaka mingi na bado sijaipatia kosa.

Vita vile, alisema, havikuwa na uwanja. Mjarumani hakukaa mahali akangoja. Alipiga risasi kutoka kwenye majani, akapotea, akatokea nyuma yako baada ya siku tatu. Basi wakubwa hawakuwa na njia ya kujua kama wanashinda ila kwa kuuliza kila jioni: wa Mjarumani wamekufa wangapi? Siku moja baada ya risasi, Mzungu wao alimtuma Nyapara na askari mmoja kwenda kuhesabu maiti majanini.

"Nikaona wanane," aliniambia, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akitaja idadi ya watu. "Watatu wanawake, na vyungu vyao. Mmoja mzee kabisa, mundu mkononi, alikuwa shambani kwake maskini. Mmoja alikuwa mpagazi, kavaa kipande cha bati shingoni kama changu. Wetu yule. Watatu ndio sikuwajua ni nani."

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia Bwana: wanawake watatu, mzee mmoja, mpagazi mmoja, na watatu siwajui. Akaniuliza, jumla? Nikamwambia wanane. Akaandika wanane. Kesho yake kikosi chengine kikapita palepale, wakawaona walewale, wakaandika wanane. Ntu huyu mmoja mwenye mundu, mwanangu, kauawa mara mbili, na mara zote alikuwa askari wa Kijarumani."

Nikamwambia hilo ni kosa la waandishi, si kosa la hesabu. Akanitazama akasema, "Haya. Ukiwa mwandishi ututengezee."

Sasa nieleze kwa nini hitima ya baba ilikwenda ilivyokwenda. Lazima nianze na Faki.

Miaka ya mwanzo baada ya kurudi, Nyapara alikula kwenye hitima nyingi, na wajane wakatoka eda wakaendelea na maisha yao. Mwanamke mmoja alikuja kutoka Kojani, akavuka kwa mashua kisha akatembea karibu kisiwa kizima, kuja kumwalika. Nyapara akenda naye mpaka Kojani, akala tonge yake moja, akarudi. Faki naye alisomewa hitima hapa Kengeja, Nyapara akala, mkewe Bi Time akakaa eda, akaolewa na mwanamume mwema, akazaa mtoto wa kike.

Kisha Faki akashuka Mkoani.

Alikuja kwa miguu mpaka nyumbani kwake, akaketi barazani, akamwomba maji mwanamke asiyemjua. Mwanamke huyo alikuwa mama wa mume wa pili. Kijiji kizima kilikimbilia huko, nami mbele. Nyapara alipofika, Faki alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akasema kwa upole kabisa:

"Nasikia umenila, Nyapara. Nilikuwa mtamu?"

Hakuna aliyecheka. Yakajulikana yaliyotokea. Wapagazi walivalishwa vipande vya bati vyenye nambari, na nambari ndiyo iliyokuwa mtu. Faki, amechoka kubeba sanduku la risasi, alibadilishana kipande na mpagazi wa pwani ya bara aliyekuwa akibeba unga, ili apumzike siku mbili. Mpagazi yule akafa mtoni. Maji yalikuwa yamemharibu uso. Nyapara akasoma kipande, akamzika kwa jina la Faki. Faki mwenyewe aliachwa na homa katika kijiji cha huko bara, akapona, akaoa hukohuko, akakaa mpaka alipoota nyumbani. Kadhi akaivunja ndoa ya pili. Bi Time akarudi kwa kaka zake na mtoto wake, akasema hamtaki wa kwanza wala wa pili, akaishi hivyo.

Kuanzia siku ile Nyapara hakula hitima ya mtu yeyote wa vita. Alialikwa, akaja, akasoma, akanawa, akasema ameshiba. Watu wakasema amefungwa mkono na waume wapya wa wajane wa wale aliokwisha kuwala, wasije wakafumuliwa ndoa. Wakasema mengine pia.

Mama yangu alipika hitima ya baba mwaka mmoja baada ya Faki kurudi.

Palikuwa na seremala wa Chake, mtu wa heshima, aliyekuwa akingoja kumwoa mama. Mlango wetu yeye ndiye aliyeutengeneza, akatia komeo jipya la mti wa mkoko, nalo halikuwahi kutumika. Mama hakulitia hata siku moja, mchana wala usiku, na nilipomuuliza kwa nini, aliniambia nyumba yetu haina cha kuibiwa. Nyapara akaja. Akasoma. Akanawa. Akajifuta kwenye kikoi akasema, "Alhamdulillahi, nimeshiba." Nilikuwa nimekaa usoni pake. Nilimwona macho yakenda kwenye ua wa makuti kisha yakarudi chini haraka, nami nikajisemea, huyu anajua kitu. Seremala alingoja mwaka mwengine, akaoa Mkoani.

Basi hicho ndicho nilichokua nacho. Wengine walirithi mikarafuu. Mimi nilirithi swali: ama yule mzee anajua baba amekufa na anatunyima, ama anajua baba yu hai kwa mke mwengine na anatuficha. Njia ya tatu sikuiona.

Niliporudi kutoka chuoni bara na diploma yangu, nikiwa wa kwanza Kengeja kuileta karatasi ya namna ile, niliitia fremu nikaitundika chumbani kwangu Jadida, mjini Wete, nilikopewa kazi ya ukarani. Waliokuja kunisalimu waliisoma ukutani, na wasiojua kusoma waliishika kioo. Nilikuwa na baiskeli, viatu viwili, na mwandiko ambao Bwana Shauri mwenyewe aliusifu. Wakati huo vita vya pili vilikuwa vimeanza, na serikali ilitaka watu tena. Kila wakusanyaji wake walikopita kusini wazee waliwauliza swali moja: wale wa mwanzo wako wapi? Bwana Shauri akataka orodha, ili awe na la kujibu. Kazi ikaja kwangu, kwa kuwa mimi ni mtu wa huko na kwa kuwa hapakuwa na mwengine wa kuiweza. Karani mkuu alinipa karatasi yenye safu mbili, Amekufa na Amerudi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Usituletee alama za kuuliza. Bwana anataka namba."

Nilimkuta Nyapara anapalilia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumwona mama?"

"Nimekuja kiserikali."

"Serikali siku hizi inakuja kwa baiskeli? Zamani ilikuja na kamba."

Nikamfunulia karatasi juu ya tuta. Macho yake yalikwisha kuanza kufanya ukungu, akaniambia nimsomee. Nikamsomea majina na safu.

"Na safu ya tatu?"

"Ya tatu ya nini?"

"Ya wale ambao sikuwazika na sikurudi nao."

"Hao ndio waliokufa, mzee. Sitini ukitoa kumi na tisa hubaki arobaini na mmoja. Ukimtoa Faki aliyerudi baadaye, arobaini. Hii ni hesabu ya darasa la pili."

Akaegemea jembe. "Hao sitini, nani kakuhesabia?"

"Wewe ndiye uliyetoka nao."

"Nilitoka na majina sitini. Wako waliokuja kwa majina ya ndugu zao, ndugu walikuwa wagonjwa. Yupo aliyejitupa majini kabla hatujafika Unguja. Kafa au kaogelea, Mungu ndiye ajuaye. Kule bara nikachanganyiwa na watu wengine, wakafa na vipande vya watu wangu shingoni, na watu wangu wakafa na vipande vya watu. Aliyekufa mbele alivuliwa kipande chake, mwenzake akakivaa ili ale unga wa watu wawili. Basi huyu maiti anakula, na yule mzima hana nambari. Faki unamtia wapi?"

"Faki amerudi."

"Faki kafa, karudi. Mtie kote kuwili."

Nilihisi ananichezea. Nikamwambia kwamba mtu anayeharibu hesabu za watu wazima kwa maneno huwa ana anachokificha, na kwamba mimi si mtoto wa kuambiwa habari za mundu. Hakukasirika. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikamuuliza waziwazi.

"Na baba yangu?"

"Baba yako alikuwa na sauti nzuri ya kuadhini."

"Sikuulizi sauti."

"Ndiyo n'nayoijua kwa yakini." Akang'oa jani. "Tulivuka mto asubuhi. Risasi zikatoka majanini. Watu wakatupa mizigo wakakimbia huku na huku. Nilipoita majina, Shaame hakuitika, na wengine hawakuitika. Wako waliokuja baada ya siku mbili. Yupo tuliyeambiwa kaonekana kwa Mjarumani, anabeba. Mizigo ilikuwepo, watu hawapo. Nikaibeba na miye."

"Ulimtafuta?"

"Tuliamriwa twende."

"Basi alikufa."

"Weye ndiye unayesema."

Nikafungua kalamu palepale mbele yake, nikaandika jina la baba katika safu ya waliokufa, kwa wino. Nilitaka asikie kalamu inavyokwaruza. Jumla arobaini. Bwana Shauri aliipenda namba hiyo kwa kuwa ni nzima. Orodha ikapigwa mihuri ikapelekwa Unguja kwa meli.

Nilipita kwa mama kumpa habari, nikidhani nimemletea zawadi. Alikuwa amekonda, kifua kinamsumbua, lakini mikono haikuacha ukili.

"Nimemwandika baba, mama. Sasa ni rasmi."

"Umemwandika nini?"

"Kwamba alikufa vitani."

"Kwa shahidi gani?"

"Kwa hesabu."

Akaendelea kusuka. "Mwanangu, Mungu akuzidishie elimu. Lakini miye sikai eda ya hesabu." Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema. "Akiwa kafa, miye mjane, n'nangoja siku yangu kama wajane wenzangu. Akiwa yuko huko na mke mwengine kama Faki, miye nini? Nimengoja nini miaka yote hii? Nataka nijue kabla sijafa nilikuwa mke wa nani. Nialikie Nyapara."

"Mama, yule hali tena. Unajua."

"Nialikie."

Hitima ile niliifanya kama inavyostahili mtu mwenye nafasi yangu. Sikutaka kuku; nilichinja ng'ombe. Watu walikuja kutoka Mkoani mpaka Chake. Nyapara alishikwa mkono na binti yake, Bi Mize, mpaka mlangoni, maana alikuwa haoni ila kivuli. Alikataa juzuu, akasoma kwa moyo. Dua ikaombwa. Masinia yakaingia, na watu wakaanza kutazama kwengine.

Akanawa. Akajifuta mikono kwenye kikoi, kidole kwa kidole. Watu wakashusha pumzi, tulikwisha kujua. Akafungua mdomo aseme "Alhamdulillahi."

Nyuma ya makuti mama akakohoa. Hakukohoa kwa makusudi, namjua. Ni kile kifua. Kikohozi kirefu, kikavu, ambacho hakikutaka kwisha.

Nyapara akafunga mdomo. Akageuza uso upande wa ua, na macho yale yasiyoona yakakaa huko mpaka kikohozi kikatulia. Kisha mkono wake wa kulia ukashuka, ukapapasa ukingo wa sinia, ukaukuta wali. Akamega tonge moja. Akaitia mdomoni, akaitafuna taratibu, akaimeza.

Kutoka nyuma ya makuti nilisikia wanawake wanalia, na sauti moja nyembamba ikiwaambia wanyamaze, na sauti hiyo ilikuwa ya mama.

Kesho yake aliingia eda. Siku ile ya kwanza, dada yake aliyekuja kumkalia akaniambia jambo dogo: Bi mkubwa kaomba komeo. Lilikuwa limekaza kwa kutotumika miaka yote, ikabidi walipake mafuta ya nazi. Alilitia mwenyewe kwa mkono wake, na kila siku baada ya hapo. Akamaliza miezi minne na siku kumi, akakoshwa, akavishwa kanga mpya niliyomletea kutoka Wete, akakaa barazani na wajane wenzake akazungumza nao kama mtu aliyefika. Hakuimaliza karafuu ya mwaka uliofuata.

Tulipokwisha kumzika nilikaa na jambo lile likinitafuna. Mimi ni mtu wa ushahidi. Mzee aliyekataa miaka ishirini na zaidi, hakupata barua, hakupata mgeni, macho yamekufa, mara anajua? Ama alijua tangu mwanzo, na hapo simsamehe ujana wa mama. Ama hakujua kitu, akatuongopea mbele ya Qur-ani, na mama akazikwa na uongo. Nikapanda baiskeli kutoka Jadida mpaka Kengeja, safari ya siku nzima, nikaenda kumuuliza.

Alikuwa amelala juu ya kitanda cha kamba, uani, juani. Bi Mize akaniwekea kiti.

"Nani huyo?"

"Miye, mzee. Mtoto wa Shaame."

"Wa diploma." Akatabasamu. "Karibu. Pole kwa mama."

"Nimeshapoa. Nimekuja kukuuliza jambo moja tu."

"Weye huulizi moja."

"Siku ya hitima ya baba. Ulikumbuka kitu, au ulimhurumia mama?"

Alifumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema:

"Nilikuwa na njaa."

"Mzee!"

"Wali ulinukia, mwanangu. Ng'ombe wako alikuwa mnono." Akacheka mpaka akashika mbavu. Alipopata pumzi akauliza, kwa sauti nyengine kabisa, "Lile komeo alilitia?"

"Nani kakwambia habari ya komeo?"

"Baba yako. Alituchosha njiani. Kila tukitua mizigo: mke wangu kaniambia hatii komeo mpaka nirudi. Watu wakamtania, wakamwita Bwana Komeo. Yeye anacheka tu."

"Na kwa nini hukumwambia mama? Miaka yote hiyo?"

"Ningemwambia hayo, ndiyo angelitia?"

Sikumwamini hata hapo. Kijijini kwetu mlango usiotiwa komeo hujulikana. Angeweza kulisikia kwa yeyote, angeweza kulitunga mwenyewe lile neno apate kunituliza. Nikamwambia hivyo hivyo, usoni. Akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu aliyesikia jibu zuri.

"Shuku, mwanangu," akasema. "Usiache kushuku. Umeandika wangapi kwenye ile karatasi?"

"Arobaini."

"Haya," akasema, akageuka upande wa ukuta.

Bi Mize akanisindikiza mpaka kwenye baiskeli. Nilikuwa na uchungu, nikamwambia baba yake amenifanya mtoto, nimemwuliza neno la maana akanijibu njaa.

"Njaa?" akasema Bi Mize. "Siku ile? Nilimpikia miye mwenyewe kabla hatujatoka, muhogo na papa, sahani mbili, akakomba. Kila akialikwa hitima ndivyo afanyavyo. Husema hawezi kwenda kwa watu akasema nimeshiba, na hakushiba."

Akanishikia baiskeli nipande, akaniombea safari njema, akarudi uani kwa baba yake. Nikabaki nimesimama, mguu mmoja juu ya pedeli: mtu asiyetaka kuongopa hata shibe alikuwa amekula ameshiba. Karatasi ilikuwa imefika Unguja siku nyingi, arobaini kwa wino, na sahihi yangu chini.